Nyumba ya siku na nyumba ya mwezi

Ukitoka mjini kwa barabara ya uwanja wa ndege na kuingia Luano, soma vibao vya milangoni. Zamani kibao kilisema jambo moja tu: nyumba ya kupangisha. Leo kuna vibao vinavyosema mengine: nyumba yenye vyombo, kwa siku, kwa usiku, kwa juma. Ndani kuna kitanda kipya, friji, televizio, tanki ya maji na jenereta. Mgeni anashuka na ndege, analala siku tatu, analipa kwa dola, anakwenda zake. Kesho anaingia mwingine.

Tuiite nyumba ya siku, ili tuitenganishe na nyumba ya mwezi, ile ambamo mchimbaji anakaa na bibi na watoto, na franga ya nyumba anaitoa mwezi ukiisha. Hizi nyumba mbili zinakaa ndani ya lupango moja, mara nyingine chini ya bati moja. Na pole pole ile ya kwanza inaisukuma ile ya pili nje.

Namna inavyosukuma, wasomaji wetu wengi wanaijua. Baba anarudi asubuhi kutoka ekipe ya usiku, macho yamejaa vumbi, anamkuta mwenye lupango amekaa kwa kiti mbele ya mlango. "Baba, siye tuko bandugu, lakini mwezi ukiisha mutafute fasi ingine. Iko batu banalipa kwa siku." Akiuliza karatasi, hakuna karatasi. Miaka mine ya kukaa, franga imetoka mkono mpaka mkono. Akiuliza garanti yake, anajibiwa kwamba wataongea. Watoto wako katikati ya mwaka wa masomo. Mama ana meza yake ya unga na mafuta pale barabarani, na wateja wake wote ni wa barabara ile. Kwa mama huyo kuhama si kubadili nyumba tu, ni kuanza biashara upya mahali asipojulikana.

Sisi tunaona kwamba jambo hili limeachwa muda mrefu mno kwa mazungumzo ya mlangoni. Lakini kabla ya kumlaumu mtu, tuseme ukweli wote.

Mwenye lupango si adui. Tufanye hesabu ya mfano. Chumba na salon, kwa mwezi dola 150. Kwa siku, dola 25. Akipata wageni siku 12 tu katika mwezi, ameshika dola 300, na siku 18 nyumba imelala bure. Ukiondoa sabuni, mafuta ya jenereta na mshahara wa yule anayefua mashuka, bado amepita ile ya mwezi. Ni nani kati yetu angekataa?

Tena wenye lupango wengi ni watu wetu wenyewe. Miaka ya 2003 na 2004, katika ile operesheni iliyoitwa « départs volontaires », wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini na franga ya mara moja mkononi. Wengi hawakuona kazi ya mwezi tena. Aliyebaki na nyumba, nyumba ile njo ikawa pansio yake. Kwa mjane wa mchimbaji, vyumba viwili vya nyuma njo vinalipa shule ya watoto na dawa ya presio. Kumwambia mama kama huyo asipokee mgeni wa siku ni kumnyang'anya bukari mezani.

Basi ugomvi wetu si na nyumba ya siku. Ugomvi wetu ni na mapatano ya mdomo. Pasipo karatasi, mwenye franga njo anashinda kila mara, na leo mwenye franga ni yule mgeni wa siku tatu.

Na hapa sisi watu wa migodi tujiangalie wenyewe. Tulifundishwa vibaya juu ya nyumba. Tangu Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, mpaka Gécamines iliyochukua fasi yake baada ya 1967, nyumba ilifuata kazi. Kampuni ilikupa kazi, ikakupa na nyumba kambini, posho, hospitali na shule ya watoto. Hakuna aliyeuliza kontra ya nyumba, kwa kuwa kontra ya kazi ilitosha. Leo wachimbaji wengi wanafanya kazi kwa kampuni za sous-traitance, na kontra za miezi michache. Kambi hakuna. Lakini desturi imebaki: tunaingia kwa lupango ya mtu sawa vile baba zetu walivyoingia kambini, kwa neno tu. Mtu anayehesabu saa zake za ziada moja moja kwenye karatasi ya mshahara, ukimwomba risiti za nyumba yake, hana hata moja.

Kumbe sheria iko. Ni sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya kupangisha nyumba zisizo za biashara. Mambo manne ya sheria hiyo kila familia iyashike kichwani.

La kwanza: kontra ya nyumba ni ya maandishi. Si kwa ajili ya watu wakubwa wa mjini tu, hata kwa chumba kimoja cha Luano.

La pili: garanti ya nyumba ya kukaa haipiti miezi mitatu. Anayedai miezi sita au kumi anadai nje ya sheria, hata kama barabara nzima inafanya vile. Na garanti si zawadi kwa mwenye lupango. Lokatere akitoka, wanaangalia pamoja kilichoharibika na deni lililobaki, kiisha kinachobaki kinarudi kwake.

La tatu: kumwambia mtu atoke kunataka preavis ya maandishi, na muda wake unahesabiwa kwa miezi, hauhesabiwi kwa siku. "Mwezi ukiisha mutafute fasi ingine" si preavis.

La ine: wakishindwa kuelewana, wanakwenda kwanza mbele ya serivisi ya habita ili wapatanishwe. Ikishindikana, wanakwenda kwa Korti ya Amani, ile tunayoiita « tribunal de paix ». Kutupa vitanda vya watu nje, kung'oa mlango, kukata moto na maji ili familia ichoke yenyewe, hiyo si kazi ya mwenye lupango. Mtu anatolewa ndani ya nyumba na uyisie mwenye hukumu mkononi.

Lakini sheria hii iliandikwa ikimfikiri mtu anayekaa. Mgeni wa siku mbili hayumo ndani yake vizuri. Hoteli nayo ina njia yake: ruhusa, serivisi ya utalii, kitabu cha wageni. Inchi yetu ilipata hata sheria ya utalii mwaka 2018. Nyumba ya siku iko katikati ya njia hizo mbili, na wenye ujanja wanajua kusimama pale pale katikati. Serivisi ya habita ikiuliza, mwenyewe anajibu: "Hii ni sawa hoteli, haiwahusu." Serivisi ya utalii ikija, anajibu: "Hii ni nyumba yangu, nimepokea mgeni tu." Mtoza kodi akipiga hodi, mwenyewe amesafiri.

Tukumbuke kwamba Katiba ya 2006, katika kifungu cha 204, imeweka kodi ya mapato ya nyumba katika mikono ya provinsi, na kwetu Haut-Katanga ni DRHKAT inayoitoza. Anayepangisha kampuni kwa mwezi anaijua vizuri, kwa maana kampuni inakata kodi ile kabla ya kumlipa. Anayepangisha kwa siku hana wa kumkatia. Basi aliye wazi analipa, aliyejificha halipi, na sisi wenyewe tunashangaa kwa nini nyumba za mwezi zinapungua.

Mwenye lupango asifikiri kwamba kukosa karatasi kunamwumiza lokatere peke yake. Mgeni anakuja kwa siku tano, analipa vizuri. Anaongeza siku kumi, nusu kwa deni. Sasa ni mwezi wa pili, halipi tena na hatoki. Akiambiwa atoke, anajibu: "Mi niko lokatere, mulete preavis." Mwenye lupango ataonyesha nini mbele ya korti? Hakuandika siku ya kuingia, hakuandika siku ya kutoka, hakuchukua hata jina kamili. Mlango aliouacha wazi ili amtoe jirani yake, njo ule ule unaomfungia yeye.

Kuna ugomvi mwingine unaotuumiza zaidi, nao uko ndani ya jamaa zetu. Mchimbaji anakufa. Kilio hakijaisha, na ndugu za marehemu wamekwisha kusema nyumba ifanyiwe kazi: waweke vitanda, wapangishe kwa siku, mama na watoto waingie chumba cha nyuma, au warudi kwao. Wanasema ni desturi. Lakini Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inasema kitu kingine. Mjane ana haki ya kutumia nyumba waliyokaa na bwana yake pamoja na vyombo vyake. Na nyumba ile ikipangishwa, franga inakatwa katikati: nusu ya mjane, nusu ya warithi wa kwanza, maana yake watoto. Baba mdogo anayeshika funguo na kuhesabu dola za wageni hayumo katika mgawanyo huo. Bamama wanaosoma hapa, mtu asiwadanganye: kupangisha kwa siku hakubadilishi haki yenu juu ya ile nyumba.

Tena kuna mambo ya usalama. Katika kartie ya watu wa mwezi, kila mtu anajua mtoto huyu ni wa nani na gari lile ni la nani. Mlango unaofunguka kwa mgeni mpya kila usiku unabadili lupango nzima. Wengi wa wageni ni watu wa heshima: fundi wa mashine anayesubiri ndege, mfanyabiashara wa Kasumbalesa, jamaa iliyoleta mgonjwa mjini. Lakini siku mmoja akifanya ubaya, shefu wa kartie ataulizwa jina, naye hatakuwa nalo.

Wenzetu wa Kenya walilijua hili kwa machozi. Nairobi, mwezi wa Januari 2024, wanawake wawili vijana waliuawa, kila mmoja kwa siku yake, ndani ya nyumba zilizopangwa kwa muda mfupi. Inchi nzima ililia. Siku zile zile serikali ikatoa amri kwamba wenye nyumba za namna hiyo wajiandikishe kwa shirika linalosimamia utalii. Amri ilikuja baada ya maiti. Sisi Luano tunaweza kuandika orodha yetu kabla.

Miji mikubwa ya mbali nayo imehangaika na jambo hili. New York, tangu Septemba 2023, mtu anayepangisha nyumba yake kwa chini ya siku 30 lazima ajiandikishe kwa muji, na awe anakaa mle mle pamoja na wageni. Paris, mwenye nyumba anayokaa mwenyewe anaruhusiwa kuipangisha kwa wapitaji siku 90 tu kwa mwaka tangu 2025, na zamani zilikuwa 120. Miji hiyo imelemewa na watalii, na sisi hatuna shida hiyo. Hatuombi siku 90 wala 120. Tunachukua kwao jambo moja: kwanza muji unajua nyumba ni ipi, ni ya nani, na inafanya kazi gani. Ukishajua hivyo, unaweza kuongea juu ya mengine.

Kwa hiyo tunaomba haya.

Kwa meri ya Lubumbashi na komini Annexe: kuwe na kitabu kimoja cha nyumba za siku, kinachoshikwa kwa komini, na namba moja ya kubandika mlangoni. Mwenye nyumba ya siku aandike jina la kila mgeni na karatasi yake ya utambulisho, sawa vile hoteli inavyofanya. Na kabla nyumba yenye familia ndani haijaingizwa katika kitabu kile, mwenyewe aonyeshe kwamba familia ile ilipewa preavis yake na garanti yake. Hilo la mwisho njo roho ya jambo lote. Komini ikiliacha, kitabu kitakuwa karatasi tu.

Tunajua mnachosema mkisoma hapa. Mnasema: ukijiandikisha leo, kesho utaona maajenti wa serivisi tano mlangoni, kila mmoja na risiti yake, na wengine pasipo risiti. Mko na haki ya kuogopa. Ndiyo maana tunasema kitabu kimoja, ofisi moja, malipo yaliyobandikwa ukutani ili kila mtu ayasome, na franga ipite benki. Mjane mwenye vyumba viwili asilipe sawa na tajiri mwenye nyumba kumi na mbili. Bila hayo, orodha itakuwa shimo lingine la kuchimba franga ya watu, na kila mtu atarudi kujificha.

Kwa kampuni za migodi na za sous-traitance: ninyi mna nguvu kuliko meri na sisi sote. Mafundi wenu wa kupita wanalala katika nyumba hizi. Siku mtakayokataa kulipa nyumba ambayo haikuandikwa, kesho yake itaandikwa. Tena Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka mwajiri aliyemhamisha mfanyakazi, au aliyemwajiri nje ya fasi ya kazi, ampe nyumba ya heshima, au posho ya nyumba inayotosha. Posho isiyolipa hata chumba kimoja cha Luano haitoshi. Sendika nazo zisiache neno hili nyuma ya meza wakati wa kuongea mishahara.

Kwa wenye lupango: mpokee wageni wenu, lakini msijenge biashara juu ya mgongo wa jirani. Kama unataka kubadili kazi ya nyumba, mwambie lokatere wako mapema, kwa maandishi, na umwachie watoto wamalize mwaka wa masomo. Rudisha garanti siku ya kutoa funguo. Kuna namna ya kufanya mambo mawili pamoja: vyumba vya mbele kwa siku, nyumba ya nyuma kwa mwezi. Mgeni wa siku anakatika mara nyingi. Mwaka bei ya kobalti inapoanguka na kampuni zinarudisha watu wao, vitanda vinabaki vitupu. Lokatere wa mwezi njo alikulipa hata wakati ule.

Na kwetu sisi wenyewe, wachimbaji na bamama: mambo ya korti yanaanza nyumbani, na daftari ya franga 500. Andika siku uliyoingia na garanti uliyotoa. Kila mwezi andika franga uliyolipa, na mwenye lupango atie sinyatire yake pale pale mbele yako. Kama unalipa kwa simu, usifute ile mesaji. Hii haitoshi kuwa kontra, lakini mbele ya serivisi ya habita ni ushahidi, na wengi wanashindwa kwa kukosa hata hiyo. Kama mmekaa miaka pasipo kontra, mwende jumapili kumwona mwenye lupango, kwa heshima, na shahidi mmoja mzee wa barabara, mumwombe muandike. Msiende siku ya ugomvi. Mwende siku ambayo mmelipa.

Wengine wataona haya. Watasema: "Tuko sawa jamaa moja, namna gani nimwombe karatasi?" Tunawajibu: hata ndoa tunaiandika, na hakuna anayesema kwamba kuandika ni kuchukiana. Mwenye lupango aliye mzuri hatapoteza kitu akitia sinyatire. Na yule anayekataa kuandika leo, amekwisha kukuonyesha atakachofanya siku mgeni wa dola atakapopiga hodi. Afadhali uyajue hayo sasa, wakati bado una fasi ya kutafuta nyumba ingine, kuliko kuyajua asubuhi moja ukitoka ekipe ya usiku, na vitanda vya watoto viko nje.